Chupa Ilikuwa ya Kampuni

Moshi wa sachet za maji, vifuko vya plastiki tunavyochoma, unanichoma koo. Pale sokoni, kijana wa kampuni inayouza maji hayo anatupigia kelele na megafoni: "Wamama, munachafua muji!" Sisi? Ni mimi nilizitengeneza?

Nilipokuwa mutoto hapa Kabambare, baba alinituma depo ya vinywaji kuchukua limonade, soda ya mugeni. Mwenye depo akaikamata chupa asiniachie.

"Vidange iko wapi?"

Vidange ni chupa tupu. Bila kuirudisha, haupewi ingine, na yetu ilikuwa imetupwa majanini nyuma ya jikoni. Nikapapasa humo mpaka vidole vikatoka damu, nikaipata imejaa matope, nikaisugua na muchanga. Nikarudi depo mbio, maana mugeni alikuwa anangoja na baba hapendi kupata haya mbele ya wageni.

"Papa, chupa moja tu, munanitesa hivi?" nikamuuliza mwenye depo.

"Kitoto wewe! Chupa ni ya kampuni. Nyinyi munanunua cha ndani tu."

Kweli, lori ya kampuni ilitoka Kasongo kuzifuata zile chupa. Ikakwama mbele ya nyumba yetu, na watu wa kampuni wakaingia matopeni mpaka kiunoni, wakaisukuma, kwa ajili ya chupa tupu.