Nishani ya Beseni

Mama yetu alistaafu akiwa karani wa masjala katika ofisi ya wilaya, na mpaka leo anaamini kwamba karatasi isiyo na muhuri ni ya kufungia maandazi. Imani hiyo mimi nimeirithi nzima nzima. Mdogo wangu alirithi mikono ya mama, mipana na yenye subira, na kwa mikono hiyo huogesha watu katika nyumba ya kutunzia wazee kule Cedar Hill, Texas.

Mama aliijua kazi hiyo tangu mwanzo, ila majirani hakuwaambia. Kwetu mtu akienda Marekani asipate cheo, husemwa anabeba maboksi, na kuogesha vikongwe ambao hata si ndugu zako ni chini ya maboksi. Basi mama akawatangazia kwamba binti yake ni daktari wa wazee. Mdogo wangu aliposikia mara ya kwanza alicheka mpaka machozi. Miaka ilivyokwenda akaacha kucheka, na hakupiga tena simu ya video nyumbani akiwa amevaa nguo za kazini. Jambo hilo liliniuma sana.

Corona ilipoingia mwaka 2020, baadhi ya wenzake waliacha kazi, na siwalaumu, maana uhai hauna duka. Yeye alibaki. Wazee walikatazwa kuonana na watoto wao isipokuwa kupitia kioo cha dirisha, kwa hiyo mkono pekee uliowagusa kutwa ulikuwa wake, ndani ya glavu.

Chama chetu cha watu wa Afrika Mashariki na Kongo kikaamua kuwatunukia nishani rasmi wanachama waliohudumia wagonjwa na wazee, mdogo wangu akiwemo. Kamati ilikuwa ya watu watatu: mwenyekiti, ambaye ni Mkenya mwenye magari ya mizigo; mweka hazina, ambaye ni mama wa Kikongo kutoka Bukavu, naye alitunza wazee huko Fort Worth; na mimi katibu, mtu wa kompyuta wa Richardson. Tulikutana kwenye Zoom, na kikao cha kwanza chote kikaliwa na wanyama.

“Tuweke simba,” mwenyekiti alisema. “Simba iko sawa, inakaa official.”

Nikasema simba wamewekwa kila mahali mpaka kwenye viberiti, afadhali twiga. Akaniambia twiga ni wa Watanzania, nami nikamwambia simba si wa shangazi yake. Mama wa Bukavu alikuwa anamenya ndizi, kamera ikiangalia dari.

“Muniache niseme,” alisema. “Simba gani mwenye alishaosha mugonjwa? Twiga gani? Donc, muweke beseni. Beseni na sabuni. Hiyo njo kazi tulifanya.”

Nilipenda wazo hilo papo hapo, nikasahau kabisa kwamba kuna mtu litamfikia vibaya.

Sasa nikaja na langu. Nishani haiwezi kuwa rasmi bila muhuri, nikasema, lazima muhuri wa chama uchorwe juu yake. Mwenyekiti akauliza kama kuna mtu duniani aliyewahi kuona nishani yenye muhuri. Nikamjibu kwamba hiyo ndiyo shida ya dunia.

Muhuri wenyewe ulikuwa Katy, karibu na Houston, kwa katibu aliyenitangulia. Alihamia huko akauchukua, kwa sababu muhuri kwa desturi yetu hautumwi kwa posta kama soksi. Hukabidhiwa mkono kwa mkono. Ningeweza kumwomba agonge kwenye karatasi apige picha. Sikumwomba, maana angeona nimemtukana. Nikaendesha gari asubuhi nzima, barakoa usoni, chupa ya uji pembeni.

Nilimkuta mbele ya gereji amevaa suti. Suti, kwenye joto lile la Katy! Alikuwa ameuweka muhuri juu ya kigoda katikati ya njia ya gari, yeye upande huu, mimi upande ule, mke wake akirekodi kutoka dirishani. Alihutubia kuhusu uadilifu. Kisha akarudi nyuma, mimi nikasogea, nikauchukua, nikaupulizia dawa, na wote wawili tukapiga makofi. Mke wake alinipa sambusa kupitia dirishani, akaniambia nimwombee usirudi tena, maana muhuri huo umekaa kwenye kabati la vyombo vyake kama mkwe.

Fundi wa nishani alichora kama tulivyomwagiza. Lakini muhuri wetu una maneno mengi, ukajaza upande mmoja wote, na beseni likapelekwa upande wa pili. “Hii ni médaille ama ni document?” mama wa Bukavu aliuliza, akacheka mpaka simu ikamponyoka.

Nilimtumia mdogo wangu picha za pande zote mbili. Akanipigia hapo hapo.

“Dada, mama ameshawaalika majirani waangalie kwenye simu. Wanakuja kumwona daktari. Unataka nimvue mama nguo mbele za watu?”

“Si utaonyesha upande wa muhuri tu?”

“Basi nitaonyesha upande wa muhuri. Ukinigeuzia, sisemi na wewe tena.”

Nilimwambia sawa. Usiku huo nilijilaumu, halafu nikajitetea, halafu nikalala.

Sherehe tuliifanya saa nne asubuhi kwenye uwanja wa kuegesha magari wa kanisa moja Cedar Hill, kila familia ndani ya gari lake, na badala ya makofi tulipiga honi. Kwa kuwa ilikatazwa kugusana, nishani zilipangwa juu ya sinia, kila mtu akaitwa, akachukua yake, akajivika. Nilikuwa nimeshika simu ya video, mama akiwa sebuleni kwake nyumbani, kwao ikiwa tayari jioni, na majirani wamembana kila upande.

Zamu ya mdogo wangu ilipofika, alikuja na nguo za kazini. Alitoka zamu ya usiku moja kwa moja, hakupata nafasi ya kubadili. Alijivika, akaishikilia nishani kifuani, muhuri mbele, akanijia akitabasamu kwa macho.

“Naona muhuri!” mama alipiga kelele. “Naona! Umegongwa sawasawa!”

Mdogo wangu akaiachia, akainua mkono kumpungia. Upepo wa Texas hauombi ruhusa. Nishani ikazunguka kwenye utepe wake na kutulia upande wa pili.

“Mbona beseni?” jirani mmoja akauliza. “Daktari na beseni wapi na wapi?”

Nikataka kuikata simu. Mdogo wangu aliishika nishani, kidole gumba kimefunika beseni, akamtazama mama. Nilisikia feni ya mama ikilalamika kama kawaida yake.

“Si daktari,” mama alisema. “Nilisema daktari kwa sababu niliona aibu. Mwanangu anaogesha wazee. Ugonjwa umekuja, watoto wao wenyewe wamezuiwa mlangoni, yeye ndiye anayewaogesha. Mwenye la kusema aseme.”

Jirani mmoja akapiga kigelegele, cha woga kwanza, kisha wengine wakakidaka. Huku kwetu mwenyekiti aliona nalia, akadhani kuna jambo la kushangilia, akalalia honi ya lori lake.

“Mama,” mdogo wangu alisema, “ngoja nigeuze waone tena muhuri.”

“Muhuri wameshauona,” mama akamjibu. “Toa kidole.”