Salamu Zilizomruka Sihaba

Pa! Kiganja cha Sihaba juu ya redio ya mbao, nyumbani kwao Bumbwini, kaskazini ya Unguja. Redio ile ilikuwa na tabia ya kunyamaza katikati ya maneno, na hakuna aliyejua kuizungumzisha ila Sihaba. Kofi moja la ubavuni, nayo hurudi kama mtu aliyeshtuliwa usingizini. Mwanakhamis, mdogo wake, aliyekuwa akinywa uji pembeni, alikua akiamini kwamba watu wa redioni wanamwogopa dada yake.

Sasa Mwanakhamis ni mwanamke wa makamo, ananunua nguo za watoto Guangzhou na kuzisafirisha Zanzibar, na redio yake ni simu. Waya wa spika ya sikioni hupita chini ya mtandio. Alfajiri ya leo, alipokuwa soko la nguo la Shahe akipishana na mikokoteni ya marobota, nyumbani ulikuwa bado usiku wa manane na kituo cha Unguja kilikuwa kinapiga taarabu. Aligombea bei ya magauni ya Idi huku kidole chake kikifuata fidla juu ya meza.

"Meiyou, meiyou," alisema mwenye duka. Hakuna kupunguza.

Mwanakhamis akasubiri ubeti uishe, akataja bei ileile kwa upole zaidi. Akapewa.

Jua lilipokuwa limepanda juu ya mapaa ya mtaa wa Sanyuanli, iliko stoo yake, sikioni mwake ndipo ikaadhiniwa alfajiri ya Unguja. Alitabasamu. Alipenda kupata asubuhi mbili ndani ya siku moja.

Ila asubuhi ya pili ya leo ilikuwa na kesi. Ijumaa iliyopita alituma salamu kwenye kipindi cha wasikilizaji. Alimtaja ami yake, binamu zake, mwalimu wake wa chuo cha Kurani, majirani wa kulia na wa kushoto, hata muuza urojo wa njia panda. Sihaba, aliyemlea tangu mama yao alipofariki, hakumtaja. Bumbwini nzima iliyasikia majina, na ikalisikia pia jina ambalo halikuwamo. Tangu siku ile Sihaba hapokei simu. Alimpa ujumbe binti yake, Swalha: "Mwambie mama yako mdogo, shida zake ampelekee muuza urojo." Redio yenyewe, Swalha aliongeza, ameifunika khanga na haiwashi tena.

Kosa lilikuwa limetangazwa, na Mwanakhamis alijua halitazimwa kwa maneno ya pembeni. Kwa hiyo jana alituma salamu nyengine. Lililobaki ni kama zitasomwa, na kama zitamfika mwanamke aliyeifunika redio yake.

"Ma sœur, dada yangu, kula basi," alisema Albertine, Mkongo wa Lubumbashi aliyepanga naye stoo. Alimsogezea boksi la wali na kuku. "Tangu asubuhi weye ni redio tu."

"Ntakula zikishasomwa."

"Lakini niambie. Batu yote ile unabasalimia, kisha dada yako unamusahau?"

Mwanakhamis alivuta utepe wa gundi juu ya katoni, akaukata kwa meno. "Mtu akituma salamu hajitaji mwenyewe, au vipi? Niliwatazama wote waliokuwa kule. Sihaba sikumwona kule. Alikuwa huku, niliposimama mimi."

Albertine alimtazama kidogo. "Mueleze hivyo hivyo."

"Sihaba haelezwi. Huyo husalimiwa."

Hapo muziki wa kipindi ukalia. Mwanakhamis aliweka mkasi chini, akachomoa waya ili sauti itoke wazi.

"Hizi zimetoka China," alisema mtangazaji, kijana mmoja aitwaye Vuai. "Bi Mwanakhamis ana salamu za mtu mmoja peke yake. Anamsalimu Sihaba, fundi cherehani wa Bumbwini, dada aliyekuwa akiipiga redio kofi mpaka..."

Kimya. Kiduara kikaanza kuzunguka kwenye kioo cha simu, kikazunguka dakika moja, ya pili, ya tatu.

Pa!

"Yesu! Utaivunja!" Albertine aliruka.

Mwanakhamis aliutazama mkono wake kama wa mtu mwengine. Na simu ikarudi, Vuai akiwa anacheka.

"...tuna mpigaji. Nani mwenzetu?"

"Sihaba, Bumbwini."

Albertine aliziba mdomo kwa viganja viwili.

"Bi Sihaba! Salamu zimekufikia?"

"Zimenifikia kwa kelele za majirani, wamenijazia mlango. Redio yangu mimi imo ndani ya khanga."

"Basi utaifunua?"

"Ntaifunua nikitaka. Na huyo wa China mwambie muuza urojo anamsalimu sana."

"Mwambie mwenyewe, Bi Sihaba. Anakusikia."

Nyuma yake vicheko vya majirani vilififia. Sihaba alikohoa, na sauti iliporudi ilikuwa imetokwa na pilipili yote.

"Mwanakhamis. Ushakula?"

Vuai aliangua kicheko, akafungulia nyimbo. Albertine alicheka mpaka akakaa juu ya katoni, machozi yakimtoka, kisha akalisukuma lile boksi la wali likagusa mkono wa mwenzake. Mwanakhamis hakuligusa. Aliinama juu ya simu, akaifunika kwa ncha ya mtandio kama anayeikinga na upepo.

"Bado, dada," alinong'ona.