Antena ya Redio ya Baba

Baba alipopata kiharusi aliiangukia redio yake. Alikuwa amekaa barazani kwake Mkunya, ameipakata kama kawaida yake ya alasiri, na waliomwinua waliikuta chini ya ubavu wake, fimbo ya antena imekatika kwenye shina. Hakuna aliyeijali siku ile. Mtu anakimbizwa hospitali Newala, mdomo umekwenda upande, nani ataulizia redio?

Mimi nilikuwa Masasi kwenye cherehani yangu. Nilifunga kibanda nikapanda kule juu Mkunya, nikidhani nitakaa siku chache tu. Msimu wa kupuliza mikorosho ulikuwa umeanza. Kaka yangu alishinda shambani na mashine mgongoni, akirudi ni vumbi la dawa ya salfa mwili mzima, anakula huku anasinzia. Kwa hiyo baba aliporuhusiwa kutoka hospitali akawa wetu, mimi na wifi yangu, mke wa kaka. Kumgeuza asipate vidonda, kumlisha uji kijiko kwa kijiko, kumfulia mashuka. Na mashuka yanataka maji, na kule juu maji ni ya shida, kila mtu anajua. Tangi letu la maji ya mvua lilikuwa limebaki tope, tukawa tunapanga foleni bombani, mmoja anakwenda, mwingine anabaki na mgonjwa. Tulichoka mpaka tukaacha kuzungumza. Tulipokezana ndoo mlangoni kama watu wasiojuana.

Baba maneno yalikuwa yamemwisha. Alibaki na sauti moja, "ee, ee," na mkono wa kushoto. Kila alasiri mkono ule ulinyooka kuelekea ukutani na sauti ikapanda. Tukimpa maji, anageuza uso. Siku moja nikampa uji, akakipiga kikombe, uji ukamwagikia shuka nililotoka kulianua kambani.

"Baba, unataka nini jamani?" nilimwambia, nikasikia jinsi sauti yangu ilivyokuwa kali. Nikatoka, nikaenda kulia nyuma ya jiko.

Wifi akanifuata. Hakunibembeleza, naye hakuwa na nguvu hizo.

"Si ukuta anaouonyesha," akasema. "Ni ule msumari. Redio yake ilikuwa inaning'inia pale."

Tulikuwa tumeitupa kwenye gunia la vitu vibovu. Tukaitoa, tukaipangusa, tukaitia betri. Ikawaka, lakini ilitoa mvumo mtupu, kama samaki anayekaangwa. Kituo anachokipenda baba kiko ng'ambo ya Ruvuma, upande wa Msumbiji. Wanatangaza kwa Chimakonde cha huko alikozaliwa, kabla babu hajavuka na familia yake kuja kuanza upya huku. Hata redio ilipokuwa nzima, kukinasa kulikuwa kazi. Baba alisikiliza ule mvumo kidogo, kisha akafumba macho.

Nilitaka kuirudisha kwenye gunia. Nguo zilikuwa bado kwenye beseni.

"Kuna waya ulibaki siku ile tulipofunga taa za sola," wifi akasema.

Nikaumenya kwa kisu cha mihogo mpaka shaba ikatoka, nikauzungushia kwenye kile kishina cha antena na kuukaza kwa koleo. Ncha ya pili tukaitupa juu ya paa. Mvumo ukazidi.

"Bati linaumeza huo waya," wifi akasema. "Uondoe."

Tukakata mwanzi mrefu. Juu yake tukafunga kipande cha ndala kuukuu, na waya tukaupitisha juu ya ndala ili usiguse mwanzi uliolowa ukungu, tukaukaza kwa vipande vya mpira wa baiskeli. Nikausimamisha upande wa bondeni. Wifi akabaki ndani anazungusha kitufe cha redio na kunipigia kelele dirishani.

"Bado! Sogea! Bado! Haya, hapo hapo!"

Nikasikia sauti ya mwanamke anasoma salamu kwa lugha yetu, imejaa mikwaruzo lakini ni mtu. Nikauachia mwanzi nichimbe shimo. Sauti ikapotea. Nikaushika, ikarudi. Nikauachia, ikapotea tena.

"Usiuachie!" wifi akaita. "Amefumbua macho!"

Basi nikasimama pale nimeukumbatia mwanzi, mgongo unauma, upepo wa bondeni unanipiga kanga, mpaka zile salamu zikaisha. Jirani alipita na kuni kichwani, akaniuliza nimeshikilia nini. Nikamjibu nimemshikilia baba. Akacheka. Nami nikacheka, na sikumbuki mara ya mwisho nilikuwa nimecheka lini.

Kesho yake tukaongeza waya, tukauvuta mpaka kwenye mkorosho wa karibu, na safari hii sauti ikakaa bila kushikwa. Niliingia ndani nikamkuta baba amegeuzia uso kwenye redio, machozi yanamtoka jicho lile zima. Alinitazama nilivyosimama na koleo mkononi. Midomo ikahangaika, ikahangaika, kisha akasema neno moja la Chimakonde, zito, lililopinda, lakini nililielewa. Alikuwa ananiambia nikae chini.

Nikakaa kwenye mkeka. Sijui nililala saa ngapi. Nilipoamka wifi alikuwa amenifunika kanga yake, na nguo zote zimeanikwa.

Maneno mengine ya baba yalirudi machache, na mkono wa kulia haukurudi. Sasa nimerejea Masasi kwenye cherehani, kila nikimaliza oda nabeba mfuko napanda Mkunya kumpokea wifi zamu. Upepo huuangusha ule waya mara kwa mara. Nikifika, kabla sijavua viatu, wifi ananipa koleo, na yeye anakwenda kulala.