Bibi Alingoja Nauli Ishuke

Mnisamehe kwanza kwa mwandiko huu na kwa herufi nitakazokosea. Niliishia darasa la saba, na naandika polepole, mstari mmoja kisha napumzika. Mbele za watu sisemi sana. Hata nikiuza mboga, mnunuzi huniuliza bei mara mbili kabla sijamjibu. Kwenye karatasi hakuna anayenitazama, ndiyo maana nimeona niandike habari ya bibi yangu na magari ya kwenda mjini.

Kwetu ni mlimani, juu ya Mkuyuni. Tunalima njegere, kabichi na karoti kwenye miteremko. Bibi, mama yake mama, ndiye aliyenilea. Alikuwa na presha ya macho. Daktari wa Morogoro mjini alimweleza kwamba ugonjwa huo hauumi, unayala macho kimyakimya kuanzia pembeni, na dawa ya matone huuzuia lakini hairudishi kilichokwisha kuliwa. Kwa hiyo kila mwezi ilimpasa aende mwenyewe, apimwe, apewe chupa nyingine.

Wakati huo lilikuwapo basi moja tu, bovu, linalokuja likitaka. Siwezi kulisifu. Lakini nauli yake iliandikwa kwa rangi nyeupe mlangoni, na mimi nilijifunzia kusoma tarakimu pale. Bibi aliifunga hela yake kwenye pindo la khanga tukiwa bado nyumbani, na tulipofika barabarani nauli ilikuwa ileile.

Kisha likaja soko huria. Basi likafa, zikaja pikapu za watu binafsi, zenye mabenchi na turubai. Usafiri ukapatikana zaidi, hilo ni kweli. Lakini nauli haikuandikwa popote tena, ilikaa mdomoni mwa kondakta. Mafuta yakipanda, nayo imepanda. Mvua ikiharibu barabara, imepanda. Siku ya gulio, imepanda. Na tenga la njegere, ambalo zamani lilitupwa juu ya basi kwa hela kidogo, sasa lililipiwa sawa na mtu.

Hapo ndipo shida yetu ilipoanzia, maana nauli ya Bibi ilitoka ndani ya tenga. Tenga lisipofika mjini, Bibi hana kitu. Tenga likisafiri, hela iliyobaki haimtoshi Bibi kusafiri.

Siku ya kwanza aliporudishwa naikumbuka. Tulishuka mlima asubuhi, tenga kichwani kwangu, Bibi nyuma na fimbo yake. Kondakta alikuwa kijana wa mjini, mwenye adabu.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Leo kiasi gani?"

Akataja. Bibi akacheka.

"Safari iliyopita ulinibeba kwa nusu ya hiyo, mwanangu. Nimenenepa?"

Abiria wakacheka. Kondakta naye alicheka, lakini hakupunguza. "Hata ungekuwa unyoya, Bibi. Si mimi, ni mafuta."

"Basi pandisha tenga, lipokewe na dalali wetu sokoni. Mimi nitakwenda nauli ikishuka."

"Ikishuka? Nauli siyo njegere, Bibi."

"Kila mwenye mali husema hivyo," Bibi akamjibu, akageuka.

Tenga likaondoka peke yake. Sisi tukarudi mlimani. Njiani alinieleza, tena bila huzuni yoyote. "Mume wangu," akasema, maana ndivyo alivyoniita kwa utani wa bibi na mjukuu, "njegere zikiadimika huwa hazishikiki. Wote wakivuna, unambembeleza dalali azichukue. Nauli nayo imepanda kwa sababu magari ni machache. Waache wenye magari waone kuna faida, watakuja wengi. Itashuka."

Niliona ni kweli. Majirani nao waliona ni kweli. Sisi tunaoishi kwa mboga hatujawahi kuona bei inayopanda ikakaa hukohuko. Jirani mmoja aliahirisha hata kwenda kumwona binti yake aliyeolewa Mzumbe, naye akingoja msimu wa nauli kushuka.

Chupa ya matone ikaisha. Bibi akasema si kitu, macho hayaumi. Na kweli hayakuuma.

Halafu nauli ikashuka. Pikapu ya pili ilianza njia yetu, na pale Mkuyuni makondakta wakawa wanagombea abiria, huyu anavuta begi, yule anavuta mkono. Nilipanda mlima mbio. Bibi alikuwa ukumbini anamenya njegere. Niliona zile zinazodondoka pembeni ya ungo haziokoti, ingawa hajawahi kuwa mtu wa kuacha punje chini.

"Bibi, imeshuka."

"Kiasi gani?"

Nikamwambia. Uso ukamfunguka. "Si nilisema? Yule kijana akaniona mshamba."

"Basi twende kesho."

"Kesho? Wewe ni mkulima au tulikuokota? Bei ikianza kushuka, nani ananunua siku ya kwanza? Ngoja ifike chini."

Nisingeweza kumbishia, kwa kuwa ndivyo madalali wanavyotufanyia sisi kila mavuno. Wanazunguka tenga, wanaliangalia, wanakwenda kunywa chai, wanajua ukichelewa utashusha tena. Bibi alifurahi kwamba safari hii mwenye kwenda kunywa chai ni yeye.

Tulingoja. Nauli ikashuka tena kidogo, Bibi akasema bado. Kisha ile pikapu ya pili ikakatika ekseli kwenye makorongo, mwenyewe akaiondoa njia yetu. Iliyobaki ikapandisha nauli kupita hata ile ya mwanzo.

Baada ya hapo Bibi alianza kugonga bega kwenye fremu ya mlango aliopitia maisha yake yote. Alimimina maji kando ya sufuria, moto ukazimika, akasema kuni zina unyevu. Mjomba, mwanawe Bibi, alipoona hivyo aliuza mbuzi, maana kwetu mambo ya mama ni mjomba wa kuyabeba. Tukaenda mimi na Bibi bila kuuliza bei.

Wakati wa kupanda Bibi alipapasa ubao wa pikapu kwa kiganja, taratibu, kama anayetafuta msumari.

"Bado hawajaandika?" akaniuliza.

"Hawajaandika, Bibi."

Daktari alimmulika macho. "Mama, ulikuwa wapi siku zote hizi?"

"Nilikuwa nangoja nauli ishuke, daktari."

Nilidhani atacheka. Hakucheka. Alituambia jicho la kushoto limekwisha na la kulia limebaki na tundu dogo la kuonea, na kwamba hilo lisipotiwa dawa litafuata lenzake. Akatupa chupa. Akamtaka arudi mwezi unaofuata.

Mwezi uliofuata tulipata nauli. Uliofuata huo hatukupata.

Sasa Bibi anajua tu kama mlango umefunguliwa au umefungwa. Matenga yanaendelea kwenda mjini, nayasindikiza mwenyewe mpaka barabarani. Nikirudi, kabla sijatua kamba ya kufungia tenga, sauti yake hutoka ndani: "Mume wangu, leo kiasi gani?" Namwambia ilivyo. Anasema, "Bado iko juu," kisha anaendelea kumenya njegere zake kwa vidole.

Ninyi mtakaosoma karatasi hii, wa mjini na wa mbali, naomba mniandikie. Kama kwenu ipo njia ambako nauli ilipanda, kisha ikashuka na kukaa chini, niambieni ni njia gani. Andikeni kwa herufi kubwa, maana nasoma polepole kama ninavyoandika, nami nitamsomea Bibi. Na kama njia hiyo haipo, niandikieni vilevile. Hiyo nitaisoma peke yangu.