Nilivyoongeza cache website yangu ikawa mbio, na ndugu yangu akakosa mazishi

Wakuu, salamu kutoka Malaba. Nianze na ujinga wangu kabla mtu hajaanza kunitukana: niliambia browser isiulize tena mtandao kama kuna kitu kipya. Hii stori ni yangu, na ni ya kweli.

Niko Form Three. Nina website, iko na picha za malori na fuvu linalowaka moto. Pia kuna guestbook, ukurasa wa wageni kuacha ujumbe, na huko ndiko braza Barasa, anayesoma India, alikuwa anatuandikia. Nyumbani hatuna simu.

Likizo hii Kukhu, nyanya yetu, akafariki. Ndiye aliyemlea Barasa.

Nikakimbia ofisi ya ankol ya clearing ya mizigo, yenye modem ya kuingia mtandao kwa laini ya simu. Nikaandika kwa guestbook: "Kukhu ametuacha. Unakuja?" Nikaifungua kuhakikisha. Imeingia, lakini ilifunguka polepole kama lori limekwama customs.

Ankol akaniangalia juu ya miwani. "Kijana, hiyo simu si ya mama yako."

Hapo ndipo nikajifanya engineer. Nikaongeza disk cache, ile sehemu ya kompyuta inayoweka nakala za kurasa, ili picha zote zikae. Halafu pale inapouliza iangalie mabadiliko lini, nikaweka Never, yaani kamwe.

Kesho yake page ikafunguka kabla ankol hajamaliza kukohoa.

"Sasa umeanza kuwa na akili," akasema. Nikavimba kichwa, wakuu. Matanga yanaendelea na mimi nafurahia speed.

Wazee walikuwa wamekubali kusukuma mazishi mbele, bora Barasa aseme anakuja. Kwa hivyo kila jioni nikirudi nyumbani, mama ananiuliza, "Amesema nini?"

"Hajasema kitu."

Na kweli kwa screen ujumbe wa juu ulikuwa ni wangu, "Unakuja?" Kumbe nilikuwa nasoma nakala ileile ya siku ya kwanza.

Wazee wakachoka kungoja. Tukazika Jumamosi.

Jumatatu Barasa akashuka kwa baiskeli ya boda boda, suitcase imefungwa nyuma na mpira. Akauliza Kukhu amelazwa nyumba gani.

Akajionea udongo mwenyewe.

Baadaye akaniambia, "Si niliandika." Tukaenda ofisini kwa ankol pamoja. Nikafuta cache yote, page ikaanza kujikokota, na maneno yake yakatokea juu ya ujumbe wangu, yakiwa yamenisimamia kichwani:

"Nimepata ndege. Nafika Jumatatu. Msimzike kabla sijamwona."

"Mbona hunijibu? Mwambie mama anisubiri."

Barasa akasoma, akatoka nje. Mpaka leo ananisalimia kama mtu wa immigration.

Somo: page ikiwa nzito, punguza picha. Lile fuvu nimelitoa. Cache iwe ya kiasi, na mahali watu wanaandika, browser iangalie upya kila mara. Speed ya habari ya zamani ni bure kabisa.

Mwenye kujua code ya kuzuia guestbook isihifadhiwe kabisa aniwekee hapa chini. Matusi pia nitapokea, ila sidhani mtamfikia mama.

Nilimweleza hii cache mpaka nikamchorea kwa karatasi. Akasikiliza yote, akanirudishia karatasi.

"Kila jioni nilikuuliza. Ungesema tu hujui, ningengoja."