Swali la Mwisho la Dada Kioo

Wenzake walimwita Dada Kioo kwa sababu vioo vyote vya leza katika maabara ya chuo alivipanga yeye. Leza hiyo ilitoa mwanga wa infraredi ya kati, usioonekana kwa macho. Mpigo wake mmoja ukiingia kwenye gesi, uling'oa elektroni kutoka kwenye atomi, ukaitupa mbali, kisha ukairudisha kwa kishindo. Kishindo hicho ndicho walichokuwa wakikichunguza.

Asubuhi moja Profesa, mkuu wa maabara, alileta wageni. Akitaka kuwaonyesha ufundi wake, alisogeza kioo kimoja leza ikiwa inawaka, bila kusema neno. Dada Kioo alikuwa ameinama upande wa pili. Mwale ulipenya ubavuni mwa miwani yake ya kinga ukampiga jicho la kulia. Majimaji ya jicho hufyonza mwanga huo upesi mno. Uso wa jicho uliungua palepale. Alikuja kuona tena, lakini kama anayechungulia kwenye dirisha lenye ukungu.

"Alivua miwani," Profesa aliwaambia wachunguzi. Wakamwamini.

Mdogo wake, muuguzi, ndiye aliyemtia dawa ya matone. "Dada, mwachie Mungu."

"Mungu ana kazi nyingi. Huyu niachieni mimi."

Akasomea usalama wa leza. Msimamizi wa usalama alipostaafu, nafasi ikawa yake. Alianza kwa kubadilisha kufuli: haingii mtu bila kufaulu mtihani wake, awe nani.

Profesa akaja juu. "Maabara hii nimeijenga mimi!"

"Karibu darasani, Profesa. Keti mbele."

Akaketi na wanafunzi wapya. Dada Kioo akainua miwani iliyoyeyuka pembeni. "Hii iliyeyukia usoni mwangu. Aliyesogeza kioo alisema nimeivua. Tunaye humu."

Swali la mwisho kwenye karatasi ya Profesa lilikuwa fupi, na bila kulijibu hafaulu: nani alisogeza kioo? Profesa aliliacha wazi, akafeli. Akarudia, akaliacha tena, akafeli tena. Kwenda kulalamika hakuthubutu. Angeulizwa swali lenyewe ni lipi.

"Dada, bado hujatosheka?" mdogo wake alimuuliza.

"Bado."

Siku hizi Profesa husimama koridoni, akisubiri wanafunzi wake wamtolee matokeo ya majaribio yake mwenyewe. Dada Kioo humtazama kupitia kidirisha cha mlango, kwa jicho lile zima, huku akinywa chai yake bila haraka.