Chakula cha Jumapili Pwani ya Italia

Kazi yangu ilikuwa kuweka mkate na siagi. Katika jiko letu, karibu na uwanja wa ndege wa Heathrow, trei za abiria zilipita mbele yetu juu ya mkanda, na kila mwanamke alikuwa na kitu chake: huyu saladi, yule keki, mimi mkate na siagi, kisha kadi ndogo ya orodha ya chakula. Kadi za ndege za Italia zilikuwa na picha ya kijiji kilichojengwa kwenye mwamba juu ya bahari, nyumba za waridi na za manjano zimebebana. Nilizipanga kadi hizo miaka saba. Nyuma yake, kwa maandishi madogo, palikuwa na jina la kijiji.

Tulitoka Mombasa mwaka ule Wahindi walipokuwa wakigombania ndege kabla Uingereza haijatufungia mlango. Tulikuwa wanne: mama, kaka yangu, mkewe na mimi. Tukapata nyumba Hounslow. Haukupita mwaka mama akapigwa na kiharusi. Kaka alikuwa na duka lake la magazeti, wifi alikuwa na watoto wadogo, nami sikuwa nimeolewa, basi haikujadiliwa nani atamtunza. Nilifanya kazi zamu ya asubuhi, wifi akimwangalia. Kuanzia saa nane mchana mama alikuwa wangu. Ilikuwa hivyo miaka sita. Alipofariki nilikuwa na miaka thelathini na tisa.

Mfanyakazi aliyekaa muda mrefu alikuwa na haki ya tiketi ya bei nafuu, mradi akubali kungojea kiti kitakachobaki wazi. Wenzangu walizitumia kwenda Bombay na Nairobi. Mimi sikuwahi kuomba. Miezi michache baada ya msiba nilikwenda ofisini nikajaza fomu, na pale pa kuandika ninakokwenda nikaandika Genoa, kwa sababu ndio uwanja wa karibu na kijiji cha kwenye kadi.

"Unakwenda na nani?" kaka aliniuliza.

"Peke yangu."

"Kwa nani?"

"Si kwa mtu. Nitapanga chumba."

Alikunja gazeti lake. "Tuna jamaa Leicester," alisema. "Kama unataka kupumzika, nenda Leicester."

Asubuhi ya safari wifi alinipa chupa ya achari ya embe na furushi la chapati za uwatu. "Hujui watakulisha nini huko," alisema.

Kutoka Genoa nilipanda treni iliyopita kando ya bahari, ikiingia na kutoka kwenye mahandaki ya reli, hata ukawa hujui kama unatazama maji au giza. Niliposhuka nilimwonyesha mtu wa stesheni ile kadi, nikaweka kiganja shavuni kama mtu aliyelala. Alinielekeza kwa mjane mmoja mwenye nguo nyeusi aliyepangisha chumba juu ya ngazi nyingi. Chumba kilikuwa safi, na dirisha lilitazama baharini. Nyumba zenyewe, kwa karibu, rangi ilikuwa imebambuka, na nguo zilianikwa kila mahali. Hayo hayakuwa kwenye kadi.

Jioni mjane aliniwekea sahani ya visamaki vya kukaanga. Sisi kwetu hatuli nyama wala samaki. Nikatikisa kichwa, nikajishika tumbo kuonyesha kwamba hiki hakiingii humu. Akadhani tumbo linaniuma. Akaniletea maji ya moto yenye majani, akasimama hapo mpaka nikayamaliza. Nikaenda chumbani nikala chapati za wifi kwa achari.

Asubuhi aliniomba paspoti ili aandike jina langu kwenye daftari la wageni, maana polisi walitaka. Alisoma polepole, kidole juu ya mstari. Ghafla kidole kikasimama.

"Mombasa?" alisema.

Nikaitikia. Akaichukua paspoti yangu akatoka nayo mbio, akishuka ngazi huku akiita mtu. Kwa watu kama sisi, paspoti kutoka mlangoni mikononi mwa mtu mwingine si jambo dogo. Nilimfuata nikiwa na kandambili, sari nimeikusanya mkononi. Chini kabisa ya ngazi nilimkuta na mzee mmoja fundi wa mawe, mikono imejaa saruji. Alikuwa ameishika paspoti yangu kwa ncha za vidole ili asiichafue.

"Jambo, memsab," alisema yule mzee, kama watumishi wa kwetu walivyowaamkia mabibi wa Kizungu.

Niliipokea paspoti yangu. Halafu nikasema, "Sijambo. Lakini usiniite memsab. Mimi naweka siagi kwenye trei."

Hakuelewa, ila alicheka kwa furaha. Alikuwa kaka wa yule mjane. Waingereza walimteka Uhabeshi wakati wa vita wakampeleka Kenya. "Mimi kifungo Nanyuki," alinieleza, akionyesha vidole vyote vya mkono mmoja. "Mwaka tano. Barabara. Mawe, mawe, mawe."

Nikamwambia sili nyama wala samaki.

"Nyama hapana. Samaki hapana," alirudia. "Mgonjwa?"

"Si mgonjwa. Ni dini." Neno hilo hakulijua, basi nikaonyesha juu. "Mungu."

"Ah, Mungu," alisema, akamgeukia dada yake akamfasiria. Mjane alinitazama kwa heshima mpya. Tangu hapo nililetewa tambi zilizochanganywa na viazi na majani yaliyotwangwa kwa vitunguu saumu. Nilipoyanusa nikayajua: yalikuwa mrehani. Mombasa wanawake waliuvaa mrehani kichwani, na mama alikuwa na mmea wa jamii hiyo kwenye chungu kwa ajili ya sala. Sikuwahi kuona mtu akiufanya mchuzi. Nikala sahani mbili.

Siku zilizofuata sikufanya la maana. Nilikaa juu ya mawe, miguu majini. Nilikunywa kahawa nimesimama, kama walivyofanya wanaume wa pale, nao walinitazama na sari yangu na sweta langu mpaka wakazoea. Saa nane mchana ilipofika kila siku nilishtuka, nikainuka, kisha nikakumbuka kwamba hakuna anayeningoja.

Jumapili yule mzee alinialika kwake. Mke wake alikuwapo, pamoja na mtoto wao wa kiume na mkewe, na yule mjane. Wote walikuwa wamevaa nguo za kanisani, nao walinikodolea macho, kisha wakamkodolea mzee. Nikatambua nilichoitiwa. Miaka thelathini alikuwa amewaambia kwamba anajua lugha ya Afrika, na hakuna aliyeweza kuhakikisha.

Akajikohoza. "Memsab," alisema kwa sauti kubwa, "ng'ombe iko shamba. Funga mlango. Maji moto lete upesi."

Hicho ndicho Kiswahili alichokuwa nacho: maneno ya kuamrishwa. Niliyafahamu, maana kwetu mama aliwaamuru watumishi kwa maneno hayohayo. Changu mimi nilikipata kwa wasichana wa jirani, uani, tukisukana nywele. Meza nzima ilinitazama. Mkwe wake alikuwa na kitabasamu pembeni mwa mdomo.

"Ni kweli, mzee wangu," nilijibu taratibu. "Umesema sawasawa."

Akawafasiria kwa maneno mengi. Akanigeukia tena, akataja barabara, panga na mvua. Nami nikaendelea kumjibu, na kwa kuwa hakuna aliyekuwa akielewa, sikuwa na haja ya kuchagua la kusema. Nilikuwa sijazungumza Kiswahili kirefu tangu tuhame. Nikajikuta nasema kwamba nilimwosha mama miaka sita, nikamlisha kwa kijiko, na alikuwa akinitemea. Nikasema kwamba siku mama alipokufa, kitu cha kwanza nilichohisi ni mgongo wangu kupumzika, na kilio kilikuja baadaye, na kwamba sijamwambia kaka yangu hata mara moja.

Mzee alikuwa akifasiri, mkono hewani, watu wakicheka kwa lolote alilokuwa akiwaambia. Mara akakatiza sentensi. Mkono ukashuka mezani.

"Mama kufa?" aliniuliza, kwa sauti ya chini.

"Ndiyo. Mama amekufa."

Alitafuta neno. Niliona akilitafuta, midomo ikicheza. "Pole," alisema.

Kisha akawaambia wenzake sentensi moja tu, fupi. Kicheko kikakatika. Mjane akavuta kiti chake karibu na changu, akanijazia sahani, na hakuna aliyeniuliza kitu kingine mpaka kahawa.

Siku ya kuondoka mzee alinibebea mkoba hadi stesheni. Treni ilipokaribia alisema, "Mimi jua kidogo tu. Wewe jua mingi." Alitazama nyuma, kama kwamba mkwe wake anaweza kusikia.

"Unajua vya kutosha," nilimwambia. Sijui kama alielewa.

Hounslow kaka aliniuliza kulikuwaje. Nikamwambia bahari ni nzuri, ngazi ni nyingi, chakula kinalika. Wifi alitaka kujua kama achari ilitosha. Jioni hiyo, tulipokuwa tukipepeta mchele jikoni, nilimweleza yeye habari ya mgongo wangu, kwa maneno machache. Aliendelea kuchambua mawe kwenye ungo.

"Sisi sote tulipumzika," alisema. "Wewe tu ndiye uliyejiona una dhambi."

Mwaka uliofuata niliomba tiketi ya Lisbon. Mvua ilinyesha siku zote saba, na hakuna mtu niliyeelewana naye hata neno moja. Nilirudi nimefurahi hivyohivyo.